Je, wajua kwa nini msanifu wa uwanja wa gofu hurudi kuukagua miaka mingi baada ya kuumaliza?

Kwa sababu uwanja haubaki kama ulivyochorwa. Udongo unatitia, miti inatanua matawi, na mchanga unaoruka kwa kila pigo la kwenye bunka, yaani dimbwi la mchanga la kutegea wachezaji, hurundikana ukingoni mpaka grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, inaota tuta. Msanifu akirudi, kazi yake ya kwanza ni kutenganisha kosa la matunzo na kosa la mchoro. Kwa macho, yanafanana sana.

Tuanze na grini. Nyasi zikichakaa sehemu moja tu, lawama humwendea mkata nyasi. Msanifu makini hupima mteremko kwanza. Ukiwa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, shimo linakaa vizuri. Ukipita asilimia 3 na nyasi zimekatwa fupi sana, mpira uliokosa shimo unazidi kuteremka. Basi wafanyakazi, ambao hupaswa kulihamisha shimo mara kwa mara, hulichimba palepale penye utambarare, wiki baada ya wiki, na viatu vya kila mchezaji vinakanyaga hapo. Aliyewanyima nafasi ni mchoraji.

Mara nyingi mteremko huo ulikuwa sawa siku ya kwanza, kisha mashine mpya zikaanza kukata fupi zaidi na mpira ukaongeza mwendo. Mwendo hupimwa kwa stimpimita, mfereji mwembamba wa alumini wa sentimita 91 hivi. Unauinua taratibu mpaka mpira uporomoke wenyewe: mipira mitatu kwenda upande mmoja, mitatu kurudi, halafu unachukua wastani wa umbali. Pima mahali tambarare, la sivyo namba haina maana.

Kwa Kampala, ziara moja haitoshi. Moja ifanyike Aprili mvua zimekolea, nyingine Januari au Februari, jua likiwa limekausha miinuko. Ile ya Aprili ina faida kubwa zaidi, ila ufike asubuhi kabla makoleo hayajaanza kazi. Ukikuta mifereji kwenye kingo za bunka na udongo mwekundu umechanganyika na mchanga, maji yameingia kutoka mteremko wa juu. Kurudisha mchanga kila mvua hakutibu kitu. Inua ukingo wa juu, au chimba mfereji mpana usio na kina, uoteshe nyasi, maji yazunguke. Kisha pima kina kwa kuchomeka fimbo ya chuma kwenye bunka: mchanga wa chini uwe sentimita 10 hadi 15, wa kingoni 5 hivi. Maji yakituama chini tu, bila mifereji kingoni, shuku bomba lililoziba. Hilo ni la matunzo.

Waulize pia makedi, wabeba mifuko ya wachezaji. Wao wanajua mipira inapopotelea.

Yapo ambayo mchoro hauyawezi. Kwenye uwanja wa Jinja, Uganda, mpira ukitua kwenye alama ya mguu wa kiboko, kanuni ya klabu iliwahi kuruhusu kuuinua na kuudondosha pembeni bila adhabu. Hiyo ilikuwa busara kuliko uzio.

Kwa uvumilivu, msanifu wa viwanja vya gofu Donald Ross ndiye mfano bora. Uwanja wake wa Pinehurst No. 2, Marekani, ulikamilika 1907, naye akaendelea kuurekebisha hadi alipofariki 1948. Katikati ya miaka ya 1930 alibadilisha grini zake za mchanga kuwa za nyasi na kuzichonga upya.

Kwa Uganda, utaratibu unaofaa ni kurekebisha grini moja, kuiacha ipite mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, kuipima tena, ndipo uguse ya pili.