Mguu unakuuma sana usiku? Tuambie kwanza ukiuma huwa unafanya nini

Wagonjwa wengi wakiingia chumba cha daktari wanasema sentensi moja tu, dokta miguu inaniuma usiku silali, alafu wananyamaza wanasubiri dawa. Leo naomba niwaeleze kwa nini siandiki dawa hapo hapo na kwa nini swali langu la kwanza huwa ni hili: maumivu yakikuamsha saa nane usiku, unafanya nini mpaka upate nafuu? Maana kuna mguu ambao dawa yake ni kunyoosha msuli tu, na kuna mguu ambao ukiuchelewesha wiki chache unakatwa, na wenye miguu hiyo wote wataniambia maneno yale yale, mguu unauma. Ila wanachofanya usiku wakiwa peke yao kitandani hakifanani hata kidogo.

Tuanze na ule unaowapata wengi. Umelala fofofo, ghafla kigimbi kinajikunja kinakuwa kigumu kama jiwe, unapiga kelele nyumba nzima inaamka, unakamata vidole vya mguu unavivuta, baada ya dakika chache kinaachia na kesho yake unachechemea. Huo ni msuli umekaza. Unawasumbua wazee, wajawazito hasa miezi mitatu ya mwisho, watu wanaosimama kutwa nzima kama mama lishe na walinzi, na wanaotumia dawa za kukojoza kama Lasix. Ukikushika nyoosha goti, vuta vidole kuja upande wako, au shuka ukanyage sakafu kwa kisigino. Na kabla ya kulala simama hatua moja kutoka ukutani, weka mikono ukutani, visigino visinyanyuke, egemea mbele mpaka usikie kigimbi kinavutika, hesabu mpaka 30, rudia mara tatu. Kuna watu wanameza kwinini kwa ajili ya hili, tafadhali acheni, ile dawa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe zinazogandisha damu.

Sasa wako wanaotupa shuka. Hawa miguu inawaka moto, shuka likigusa tu ni kama pilipili, wanaitoa miguu nje, wanaikanyagisha kwenye sakafu ya simenti ipate ubaridi, wengine wanalala na beseni la maji pembeni ya kitanda. Inaanza kwenye vidole na nyayo, miguu yote miwili, inapanda taratibu kama mtu anayevuta soksi. Hapo tatizo ni mishipa ya fahamu, na huku kwetu kitu cha kwanza kupima ni sukari, nimeshakutana na watu ambao kisukari chao kiligundulika kwa sababu ya nyayo kuwaka usiku na sio kitu kingine. Sababu nyingine ni pombe ya miaka mingi, VVU, dawa ya TB ya isoniazidi bila kupewa vitamini B6, na kupungukiwa vitamini B12, hasa kwa wagonjwa wa kisukari waliotumia metfomini muda mrefu.

Najua majumbani mwetu mguu unaowaka usiku una majina mengine, utaambiwa umekanyaga kitu, umetupiwa jini, na miezi inapita unazungushwa. Sibishani na imani ya mtu. Ninachoomba ni tone moja la damu kwenye kidole, dakika moja unajua sukari yako, alafu mengine endelea nayo.

Na hapa kuna jambo linawashangaza watu, kwamba mguu unaowaka moto ndio huo huo uliokufa ganzi. Mama mmoja alikuja analalamika nyayo zinamuunguza hapati usingizi, nikamwambia avue viatu, ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na kijiwe kama punje ya mahindi, alikuwa ametembea nacho tangu asubuhi na unyayo umeshachubuka damu inatoka, hana habari. Ndio maana nasema usiingize mguu wa namna hiyo kwenye maji ya moto kwa kusikilizia na mguu wenyewe, pima maji kwa kiwiko. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kila usiku angalia nyayo, ukishindwa kuinama tumia kioo au mwite mtoto akuangalizie. Diklofenaki za dukani hapa hazisaidii kwa sababu haya sio maumivu ya uvimbe, utabaki unaumiza figo bure wakati zipo dawa zake, mfano amitriptilini dozi ndogo ya usiku, lakini upewe na daktari.

Wanaonitia hofu zaidi ni wanaoning'iniza mguu. Utasikia familia inasema babu siku hizi halali kitandani, analala kwenye kiti. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia nikilala mguu unauma kama unakatwa na msumeno, nikiushusha chini unatulia. Mzee wa hivyo nilimshika mguu, ulikuwa wa baridi wakati mwenzake una joto, ngozi inang'aa, vinyweleo vimeisha, nilipouinua dakika moja ukapauka mweupe, nilipoushusha ukawa mwekundu kama umeiva, nikatafuta mapigo juu ya wayo sikuyapata. Damu haifiki. Mshipa umeziba, na akiwa amekaa ule uzito wa damu kushuka chini unasaidia kidogo, akilala msaada huo unaondoka. Amevuta sigara tangu ujana, na miaka miwili nyuma vigimbi vilikuwa vinambana akitembea mpaka asimame ndio viachie, wote wakasema ni uzee. Nyumbani walikuwa wanamchua kwa dawa ya kuchua na chupa ya maji moto.

Wa namna hii asisubiri kliniki ya mwezi ujao, apelekwe wiki hiyo hiyo. Kuna kipimo chepesi, tunapima presha ya kwenye kifundo cha mguu tunaigawanya kwa presha ya mkono, ikija chini ya 0.9 tunajua njia imebana. Na mguu ukibadilika ghafla ukawa wa baridi, umepauka, haunyanyuki, hapo ni bodaboda au bajaji muda huo huo bila kungoja kuche, misuli ikikosa damu kabisa kwa masaa kama sita inaanza kufa.

Wapo pia wanaofanya kinyume, wanaoweka mto chini ya miguu. Mguu mzito, umejaa kuanzia jioni, mishipa imetuna na kujisokota, ukiuinua unapata nafuu, hiyo mara nyingi ni vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zimelegea na haina haraka sana. LAKINI kama ni mguu mmoja tu umevimba, una joto, unauma kigimbi, na umejifungua juzi juzi au umetoka kufanyiwa upasuaji au umekaa kwenye basi safari ndefu, usikubali mtu akuchue, inaweza kuwa damu imeganda ndani na kipande kikikatika kinaenda kwenye mapafu. Ukiona pumzi inabana au kifua kinauma hiyo ni dharura.

Kuna wa kuzunguka chumbani. Hasemi sana kwamba anaumwa, anasema miguu haitulii, kama wadudu wanatembea ndani, akisimama akatembea inaisha, akilala inarudi. Huyu pima damu na madini ya chuma, pima na figo, na chai ya rangi usinywe pamoja na chakula maana inazuia chuma kuingia mwilini. Wajawazito linawapata sana hili.

Maumivu yanayotoka kiunoni yakashuka nyuma ya paja mpaka mguuni, hayo yatafutwe kwenye uti wa mgongo. Dole gumba la mguu lililolala zima likaamka limevimba jekundu haligusiki, hilo fikiria gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini.

Watoto nawaongelea peke yao. Mtoto wa miaka 3 mpaka 12 anaweza kulia miguu yote miwili usiku, ukimpapasa analala, asubuhi anakimbia kama kawaida, hayo ndiyo yanaitwa maumivu ya kukua. Ila kama ni mguu mmoja kila siku, anachechemea mchana, ana homa, kuna uvimbe juu ya mfupa au anakonda, mlete, mfupa unaweza kuwa na maambukizi au saratani. Na mtoto anayelia viungo hasa kukiwa na baridi, macho yana umanjano, apimwe selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu na wengine wanachuliwa nyumbani miaka bila kujua.

Kwahiyo kabla hujaja, andika kwa siku tatu hata kwenye simu: saa ngapi umeamshwa, mguu gani, sehemu gani, ulifanya nini ukapata nafuu. Beba dawa zote unazotumia kwenye mfuko mmoja, na za kienyeji humo humo, hakuna wa kukugombeza. Na ukishakaa kwenye kiti vua viatu na soksi hata kama hujaambiwa, mwambie anayekuhudumia, naomba unishike miguu yote miwili.