Daktari wa simu haui hospitali
Wengi wanaamini kampuni za tiba kwa simu zitazifungisha hospitali. Tazama Rwanda. Babyl, tawi la kampuni ya Babylon ya Uingereza, ilianza huko mwaka 2016, na hata simu ya kitochi ilitosha: mgonjwa aliongea na muuguzi, ikibidi akaunganishwa na daktari, kisha akatumiwa ujumbe wenye namba maalumu ya kuchukulia dawa au kupimiwa damu. Kupimiwa wapi? Kwenye kituo cha afya, kama kawaida. Simu haichomi sindano wala haizalishi. Kilichopungua ni safari na foleni, na kwa mama mwenye mtoto mgonjwa vijijini hilo si dogo hata kidogo. Mwaka 2023 Babylon ilifilisika, Babyl nayo ikafungwa. Vituo vya afya viliendelea kupokea wagonjwa.