Komandi ya Java kugoma Bedrock sio bagi

Kuna imani ya miaka mingi kwamba komandi (agizo unaloandika kwenye gemu) ya Minecraft ya Java ikigoma kwenye Minecraft ya Bedrock basi gemu ina bagi (hitilafu) au simu yako dhaifu. Hapana jamani. Java na Bedrock ni matoleo mawili ya Minecraft, programu mbili tofauti, la kwanza limeandikwa kwa lugha ya Java la pili kwa C++, na kila moja inasoma komandi kivyake. Ukitaka ng'ombe walio ndani ya bloku 5, Java unaandika @e[type=cow,distance=..5] ila Bedrock ni @e[type=cow,r=5], ukikopi ile ya kwanza itakataa tu hata urudie vipi. /execute, komandi ya kuendesha komandi nyingine, ndo imechanganya watu zaidi, Java walibadili uandishi wake 2018 kwenye toleo la 1.13, Bedrock wakaja kuufuata 2022 kwenye toleo la 1.19.50, kwa hiyo video nyingi za zamani zishapitwa. Na /data, ile ya Java ya kusoma na kubadili data za viumbe na bloku, Bedrock haipo kabisa, usihangaike kuitafuta.