Mafahali wawili, zizi moja: kadi ya Z80 ndani ya emuleta ya Apple II

SoftCard ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1980, ni prosesa nzima ya Z80 iliyopachikwa ndani ya kompyuta ya Apple II ili mashine hiyo, yenye prosesa ya 6502, iweze kuendesha mfumo endeshi wa CP/M, ulioandikwa kwa ajili ya prosesa nyingine. Nilipoamua kuiongeza kwenye emuleta yangu (programu inayoiga kompyuta hiyo), nilidhani kazi kubwa itakuwa Z80 yenyewe. Wapi! Hiyo nilikuwa nayo tayari, imeshapita majaribio. Kilichonisumbua ni jinsi wawili hawa wanavyogawana kumbukumbu na muda.

Hawafanyi kazi kwa pamoja. Kadi ikiwa kwenye sloti ya 4, 6502 ikiandika chochote kwenye anwani ya $C400 (alama ya $ inaonyesha namba ya heksadesimali) inasimamishwa, na Z80 inashika zamu. Z80 ikiandika mahali hapo hapo, ambapo yenyewe hupaona kama $E400, 6502 inaendelea pale ilipoishia. Kwa hiyo achana na wazo la kuziendesha sambamba. Kigezo kimoja kinachosema nani yuko zamu kinatosha, mradi amri iliyoanza imalizike kwanza. Na ubadilishe zamu kwa kuandika tu, si kwa kusoma: STA yenye faharasa (amri ya 6502 ya kuandika kwenye kumbukumbu) husoma anwani kabla ya kuiandika, na ukihesabu vyote viwili zamu inageuka mara mbili, kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa anwani. 6502 inamiliki $0000 hadi $01FF kwa ukurasa sifuri (baiti 256 za mwanzo) na steki (rundo la kuhifadhia kwa muda), na CP/M nayo inalitaka eneo la chini kabisa. Kadi inawaamua kwa kuhamisha ramani. Anwani za Z80 kuanzia $0000 hadi $AFFF huongezwa $1000. $B000 hadi $DFFF huongezwa $2000 na kuangukia $D000 hadi $FFFF. $E000 hadi $EFFF hurudi kwenye $C000, eneo la vifaa. Na $F000 hadi $FFFF ndiyo $0000 ya 6502.

Hapo ndipo niliponaswa. Programu moja kwenye CP/M ya 56K (kilobaiti 56 za kumbukumbu) ilikuwa inaganda au inaendelea kutegemea kitufe nilichobonyeza mwisho, hata kama haikuwa inasoma kibodi. Nilishuku kila kitu isipokuwa msimbo wangu mwenyewe. Kumbe, kwa kutafuta kasi, nilikuwa nasoma baiti mbili kwa mpigo: natafsiri anwani ya kwanza, kisha naongeza moja. Z80 ikisoma kutoka $AFFF, baiti ya kwanza iko $BFFF, sawa. Ya pili ilipaswa kutoka $D000, lakini mimi nilikwenda $C000, na $C000 ya Apple II ni kibodi! Tafsiri kila baiti peke yake. Kasi utaitafuta kwingine.

Diski inabaki mikononi mwa 6502, kwa sababu Disk II, kiendeshi cha diski cha Apple II, inategemea hesabu kamili ya mizunguko ya saa ya 6502. Z80 ikihitaji diski, inaachia zamu, inasubiri, kisha inarudishiwa. Mimi nilikuwa nasogeza saa ya mashine wakati wa zamu ya 6502 peke yake, hivyo mota ya diski, inayotakiwa kuzimika kama sekunde moja baada ya kuamriwa, ilizunguka mpaka nilipofunga emuleta. Z80 hapa hukimbia takriban 2.04 MHz, mara mbili ya 6502, basi kila mizunguko yake miwili sasa naihesabu kama mmoja wa mashine. Mota inazimika, na alama ya A> ya CP/M inasubiri amri.