Cordouan: mnara wa taa wa mwaka 1611, na bado unaongoza meli

Wadau wa bahari, juzi naongea na mabaharia vijana mmoja akaniuliza, si tuna GPS siku hizi, haya mataa ya kizamani ya nini tena? Nikamwambia nitaandika, basi ndo hii.

Tuchukue mnara wa Cordouan kule Ufaransa. Umesimama baharini kabisa, kama kilomita 7 kutoka nchi kavu, kwenye mlango wa Gironde, mdomo mpana wa mto, meli zinapoingia kwenda Bordeaux, na pale mlangoni kuna mafungu ya mchanga yanayohama, leo lipo huku mwakani limesogea. Mhandisi Louis de Foix alianza kuujenga 1584, ukakamilika 1611 mwenyewe ameshafariki. Ndani una kanisa dogo na chumba cha mfalme. Mwishoni mwa miaka ya 1780 ukaongezwa urefu, sasa ni mita 67 hivi.

Ila kinachonigusa mimi ni lenzi yake. Mwanzoni walikuwa wanachoma kuni, baadaye zikaja taa za mafuta zenye vioo vya kuakisi kwa nyuma, mwanga mwingi unapotea tu. Mwaka 1823 mwanasayansi Mfaransa Augustin Fresnel akaifunga lenzi yake hapahapa Cordouan. Badala ya kioo kimoja kinene na kizito, akapanga vipande vyembamba vinavyozungukana kama pete za kitunguu ulichokikata katikati, kila pete ina mlalo wake, kwahiyo mwanga uliokuwa unatawanyika juu na chini unakusanywa wote unapelekwa mbele. Moto wa utambi tu, ukaonekana zaidi ya kilomita 30! Baadaye lenzi hiyo ikasambaa kwenye minara dunia nzima.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Taa ya Cordouan leo ina nyeupe, nyekundu na kijani, kila rangi na upande wake, nahodha akihama upande anaona rangi imebadilika hapohapo, anajua yuko wapi. Halafu inakatika kwa mpangilio unaojirudia kila sekunde 12, huwezi kuichanganya na nyingine. Mawimbi ya GPS yanaweza kuvurugwa, tena mabaharia wanalijua hilo vizuri, lakini hii taa unaisoma kwa macho yako mwenyewe.

UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2021. Taa inajiendesha yenyewe siku hizi ila walinzi bado wapo, wanapokezana zamu wawili wawili, na maji yakipwa wageni wanashuka kwenye boti wanakanyaga maji mpaka mlangoni.