Mgongo wazi hautokani na kicheko cha mama

Hapa Tanga, mtoto akizaliwa na mgongo wazi, maneno huanza kabla arobaini haijafika: mama alimcheka mlemavu alipokuwa na mimba, au alipita ufukweni wakati wa magharibi akakumbwa na shetani. Maneno haya ni ya zamani, na si kweli.

Uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utepe bapa unaojikunja ukawa mrija. Mrija huo hufungika ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Wanawake wengi siku hizo hawajajua hata kama ni wajawazito. Usipofungika upande wa chini, ndio mgongo wazi. Upungufu wa foliki asidi, aina ya vitamini B, huongeza hatari, baadhi ya dawa za kifafa pia, na upo urithi, ambao baba naye huuchangia. Ndiyo maana vidonge vya foliki asidi vinafaa kuanzwa kabla ya kubeba mimba. Kusubiri kliniki ya mwezi wa nne, kwa jambo hili, ni kuchelewa.

Lakini mama anayeambiwa kila siku kwamba kosa ni lake huishia kuamini. Anaacha kwenda harusini, anamficha mtoto ndani, na mume akiondoka anaona kaachwa kwa haki. Hili linaniuma sana, maana safari za hospitali peke yake zinatosha kumchosha mtu. Mkienda kumtembelea, msimuulize alifanya nini. Mpokeeni mtoto, mama apate hata saa moja ya kulala.