Njoo na mamako: ninavyoitafuta ADHD kwa mtu mzima

Wengi wanaokuja kliniki wakishuku wana ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu vimshinde mtu, wameanzia TikTok. Siwalaumu, heri aliyetilia shaka akauliza. Lakini jibu halipatikani kwa kuhesabu mara ulizopoteza funguo wiki hii. Mimi huwaambia: kama ripoti zako za shule ya msingi zipo, zilete. Na ikiwezekana njoo na mamako, au yeyote aliyekujua ukiwa mdogo, hata kwa simu.

ADHD haianzi ukubwani. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Kwa mtu mzima, zitimie angalau 5 za kukosa umakini, au 5 za kukosa utulivu na kuwa na pupa, ziwe zimedumu miezi 6, tena zivuruge maisha zaidi ya mahali pamoja, si kazini tu kwa sababu bosi ni mkali. Mamako ndiye atakayenieleza kwamba ulikuwa ukitumwa mkate unarudi na mpira.

Ukubwani sura hubadilika. Aliyekuwa akipanda madawati sasa ameketi kimya mkutanini, ila mguu unatikisika na fikra zimeshavuka feri ya Likoni. Tiketi ya treni aliikata mapema, na bado anafika kituo cha Miritini imeshaondoka. Stima yakatika pesa anazo, tokeni ndizo alizosahau kununua. Huyo huyo hukaa kutwa juu ya injini ya pikipiki bila kuinua kichwa, na nyumbani wanauliza, “Mbona hapo aweza?” Aweza kwa sababu kazi ile inamsisimua papo hapo. Umakini anao, kinachomshinda ni kuupeleka anakotaka.

Wanawake ndio wanaochelewa zaidi kugunduliwa. Msichana aliyekuwa akitazama dirishani hakumsumbua mwalimu, basi hakuna aliyeuliza. Wengine hujitambua mtoto wao anapopimwa.

Kabla sijaitaja ADHD, natazama mengine: usingizi mbovu, sonona, wasiwasi, baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), matatizo ya tezi ya shingo. Na hapa Pwani lazima niulize muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa. Mtafunaji hukesha, kesho yake hana umakini, na hiyo peke yake yaweza kufanana na ADHD. Lakini wapo wanaoniambia muguka ndio huwatuliza, na siipuuzi kauli hiyo. Kathinoni, kemikali iliyomo, ni kichangamshi kinachofanya kazi karibu sawa na kichangamshi kingine, amfetamini, na vichangamshi ndizo dawa zinazotumika sana kwa ADHD. Tofauti ni kwamba kwenye majani hakuna ajuaye kipimo, na moyo na usingizi ndivyo vinavyolipa. Kwa hiyo niambie ukweli. Mimi si askari wa kaunti wa kukukamata.

Familia nyingine zimeshapita kwa kombe (aya za Kurani zilizoandikwa, zikaoshwa kwa maji, yakanywewa) na kusomewa kabla ya kunifikia. Dua ziendelee, sina ugomvi nazo.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo itakayothibitisha ADHD. Dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 6, huonyesha tu kama inafaa kuchunguza zaidi. Uchunguzi wenyewe ni mazungumzo marefu na daktari wa akili au mwanasaikolojia. Kwa hospitali za umma hapa Mombasa, anzia Coast General kule Makadara, au Port Reitz.

Ikithibitika, kuna tiba ya mazungumzo inayofundisha kupanga siku na pesa, na kuna dawa kama methylphenidate. Hii huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo tunapima kwanza, tunaanza kidogo, kisha tunaonana tena. Kidonge cha mtoto wa jirani usikiazime, hata kama wasikia kwake kimefaa.